Gari la mtumba lina hesabu mbili

Yeyote aliyepata kufika soko la Kongowea asubuhi ya kufunguliwa marobota ya mitumba amewaona akina mama wakichagua nguo. Mama haichukui suruali ya mwanawe kwa kupendezwa na rangi yake tu. Huigeuza ndani nje akaitazama mishono, akaiinua juani kuona kama kitambaa kimechakaa magotini, akaivuta zipu mara mbili tatu, na hapo ndipo anapouliza bei. Akishatajiwa bei, huomba apunguziwe shilingi ishirini kwa bidii kana kwamba ndizo zitakazomsomeshea mtoto. Na hiyo ni suruali ya shilingi mia moja na hamsini.

Baba wa mtoto huyo huyo, siku atakayopata mkopo wa chama cha ushirika, atakwenda kununua gari la shilingi milioni moja na laki tatu. Atalizunguka mara moja, ataona rangi inang'aa, ataketi kwenye usukani, atafungua redio, atanusa manukato yaliyopulizwa ndani, kisha atatia saini. Kwa mtumba wa mia na hamsini tuna macho ya mwewe. Kwa mtumba wa milioni tunafumba macho na kumwachia Mungu.

Sisemi haya kwa kuwacheka wengine. Mimi nimekuwa mshabiki wa magari tangu utotoni, na nilidhani nayajua. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari lililotoka Japani ambalo mita yake ilionyesha kilomita 68,000. Miezi sita haikwisha giaboksi ikakataa kazi. Fundi wangu wa hapa Kongowea alipoifungua alinitazama kwa huruma akasema, "Bwana, gari hili limetembea kuliko unavyoambiwa." Nikarudi nyumbani nikazitoa karatasi nilizopewa siku ya kununua, ambazo sikuwa nimezisoma kwa kuwa ni za Kijapani. Katikati ya maandishi nisiyoyajua palikuwa na tarakimu ambazo hata mtoto wa darasa la pili angeweza kuzisoma: kilomita 143,000. Ushahidi ulikuwa kwenye droo yangu tangu siku ya kwanza. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni jambo moja. Kuuziwa gunia likiwa wazi nawe ukakataa kuchungulia ni jambo jingine.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba gari la mtumba lina hesabu mbili. Ya kwanza ni ya mnunuzi: gari hili litanigharimu nini hasa? Ya pili ni ya taifa: sisi tunaonunua kila siku, tunajifunza kuunda nini? Hesabu hizi mbili hazifundishwi shuleni, na kwa kutozifundisha tunapoteza fedha ya mwalimu na kazi ya mwanafunzi wake.

Kwanza tukumbuke tulivyofika hapa. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilijenga viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Leyland huko Thika, General Motors mjini Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers hapa Mombasa, upande wa Miritini. Serikali ilivilinda viwanda hivyo kwa leseni za uagizaji na kwa kudhibiti fedha za kigeni. Ilikuwa vigumu mtu kuagiza gari zima kutoka nje. Aliyetaka gari alinunua lililounganishwa nchini, nalo lilikuwa ghali, tena wachache ndio walioliweza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Leseni za uagizaji ziliondolewa, udhibiti wa fedha za kigeni ukalegezwa, na bandari ya Kilindini ikaanza kupokea magari yaliyotumika kutoka Japani, mengi yakipitia Dubai. Japani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani uko mahali petu. Isitoshe, sheria ya huko humtaka mwenye gari jipya alipeleke kukaguliwa baada ya miaka mitatu, na tangu hapo kila baada ya miaka miwili, kwa gharama kubwa. Mjapani wengi huona afadhali auze anunue jingine. Gari linalomchosha Mjapani likiwa na miaka saba ndilo linalomfurahisha mwalimu wa Kisauni.

Wala tusiwe wakosa shukrani. Magari hayo yalimpa mtu wa kawaida kile ambacho ulinzi wa viwanda haukumpa. Mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wa vitunguu walipata usafiri wao wenyewe. Muuzaji wa samaki aliyekuwa akiomba lifti akapata gari lake la kubebea mzigo. Ninaposema juu ya kasoro za biashara hii sisemi kwamba ipigwe marufuku. Atakayeipiga marufuku atawarudisha wengi kwenye miguu yao huku wachache wakiendelea kupanda magari mapya.

Sasa tuifanye hesabu ya kwanza, nami natumai walimu wa hisabati wataniruhusu kuingia darasani mwao kwa dakika chache. Tuseme forodha imelikadiria gari kuwa na thamani ya shilingi 1,000,000, pamoja na bima na nauli ya meli hadi Mombasa, na kwamba injini yake haizidi sentimita za ujazo 1,500. Kwa viwango vilivyotumika mwaka 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani shilingi 350,000. Jumla sasa ni 1,350,000. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 20, lakini hautozwi kwenye ile milioni ya kwanza. Hutozwa kwenye jumla hii mpya, nao ni shilingi 270,000. Jumla imefika 1,620,000. Ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16 hutozwa kwenye jumla hiyo nayo, nao ni shilingi 259,200. Tukiongeza ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na ada ya ustawi wa reli ya asilimia 2, zote mbili zikihesabiwa kwenye ile milioni ya kwanza, tunapata 45,000 nyingine. Kodi zote kwa pamoja ni shilingi 924,200.

Mwanafunzi na arudie hesabu hiyo kwa gari ambalo injini yake imepita 1,500, ambapo ushuru wa bidhaa ni asilimia 25. Atapata kodi za shilingi 1,002,500. Yaani kodi imepita thamani ya gari lenyewe. Huo ndio ushuru juu ya ushuru, na ndiyo sababu gari lililouzwa kwa bei ya chini mnadani huko Japani hufika Mombasa likiwa na bei ya shamba.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Thamani ambayo forodha huitumia haitokani na risiti yako. Mamlaka ya Ushuru ina orodha ya bei za magari yakiwa mapya, orodha iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2025. Bei hiyo hupunguzwa kwa kadiri ya umri wa gari: kadiri lilivyo kuukuu, ndivyo punguzo linavyozidi. Wakati huo huo, kiwango cha kitaifa cha KS 1515 hakiruhusu gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo tangu Januari 2025 lililoruhusiwa ni lile lililosajiliwa mwaka 2018 au baadaye, na mpaka huo husogea kila mwaka mpya unapoingia.

Ziweke kanuni hizi mbili pamoja uone zinavyofanya kazi. Ya kwanza inamwambia mnunuzi, "Leta kuukuu, nikupunguzie." Ya pili inamwambia, "Lakini usipite miaka minane." Mnunuzi mwenye akili atafanya nini? Atasimama ukingoni kabisa. Atanunua gari la miaka saba na miezi kadhaa, ambalo halijavuka mpaka na lina punguzo kubwa kuliko yote. Ndiyo maana kila mwaka unapokaribia kwisha waagizaji huwa mbioni, wakiomba meli ifike kabla ya siku ya mwisho. Watunga sera hulalamika kwamba Wakenya wanapenda magari makuukuu, ilhali ushuru wenyewe ndio unaowatuma kuyatafuta.

Gari likishapita bandarini, hakuna tena anayeuliza umri wake. Litazeeka hapa miaka ishirini, miaka thelathini. Ukaguzi wa kila mwaka umekuwa jambo la matatu na magari ya biashara. Gari la kibinafsi limeendeshwa miaka nenda miaka rudi bila mtu yeyote kulichungulia breki. Tumeweka bawabu mkali mlangoni, na ndani ya nyumba hamna mlinzi.

Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti juu ya biashara ya magari yaliyotumika. Lilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Marekani na Japani, na kwamba zaidi ya nusu yalikuja Afrika. Kwa hiyo jambo hili halitukabili sisi wa Mombasa peke yetu, bali ni suala la bara zima. Kila nchi imechagua njia yake. Uganda mwaka 2018 ilizuia uingizaji wa magari ya zaidi ya miaka 15. Tanzania haikuweka mlango wa umri, bali huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada. Huko, tofauti na kwetu, uzee wa gari ni sababu ya kumwongezea mwagizaji mzigo. Sidhani kwamba ni aibu kujifunza kwa jirani.

Kabla sijaiacha hesabu ya mnunuzi, niseme yale ambayo ningependa kuambiwa mimi siku ile. Karatasi ya mnadani wa Japani huwa na alama ya hali ya gari. Herufi R mahali pa alama ya juu huashiria gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Cheti cha kuuzwa nje huwa na kilomita zilizorekodiwa huko. Namba ya chesisi iliyo kwenye karatasi lazima ilingane na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Lala chini utazame tumbo la gari, kwa maana magari yaliyotoka maeneo ya theluji yamepita barabara zilizomwagiwa chumvi, na chumvi hiyo ikikutana na upepo wetu wa bahari kutu haina subira. Kama ni gari linalotumia petroli na umeme pamoja, uliza hali ya betri yake kubwa kabla ya kuuliza lina spika ngapi. Kama ni otomatiki, ujue mafuta gani yanaingia kwenye giaboksi, maana aina ile inayoitwa CVT haivumilii mafuta ya kubahatisha. Na mtu wa kwenda naye si rafiki mwenye maneno mengi. Ni fundi, naye alipwe kwa siku yake.

Nitaulizwa ni gari gani ninalolipenda. Moyo wangu uko kwa Peugeot 504, na sababu si urembo wake tu. Watu wa rika langu walijifunza ubora wa magari kwenye Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953. Joginder Singh aliposhinda kwa Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976, 504 iliposhinda mwaka 1975 na 1978, na Shekhar Mehta aliposhinda kwa Datsun miaka minne mfululizo kuanzia 1979, nchi nzima iliona kwa macho yake ni chuma gani kinachostahimili matope na mawe yetu. Ulikuwa mtihani wa hadharani, na matokeo yalibandikwa kila mtu akayasoma. Baadaye 504 ilibeba abiria wa masafa marefu, na iliendelea kuunganishwa nchini hadi mwaka 2004.

Lakini moyo si mfuko. Mwalimu akiniuliza anunue nini leo, humwambia anunue gari ambalo vipuri vyake vinapatikana kabla jua halijatua. Ndiyo maana huisifu Toyota Probox bila haya, gari lililoanza kuundwa mwaka 2002 kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya harusi. Halina maringo, nalo fundi wa kila kijiji ameshalifungua. Gari la kifahari la Kijerumani lenye miaka minane huuzwa karibu na bei ya Corolla, na mnunuzi hujiona ameokota dodo chini ya mwarobaini. Ajue kwamba bei ya kulinunua imeshuka. Bei ya kulitengeneza haijashuka hata senti moja. Rahisi huwa ghali.

Sasa hesabu ya pili, ambayo ndiyo inayonikosesha usingizi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwambao huu uliunda majahazi yaliyokwenda Arabuni na kurudi kwa pepo za misimu. Leo yanayoelea yakaingia Kilindini ni meli zilizosheheni magari, nasi kazi yetu ni kuyashusha, kuyatolea ushuru, kuyaosha na kuyauza. Vijana wa bara la Mombasa, kutoka Changamwe hadi Kisauni, wamekuwa mawakala wa forodha, madalali, madereva wa kuyapeleka magari Nairobi na Kampala, na waoshaji. Hizo ni kazi za halali na sizidharau. Hata hivyo, ni kazi za kupokea kilichoundwa na wengine.

Mara nyingi tunaambiwa kwamba Mwafrika hawezi kuunda gari kwa sababu alichelewa. Tarehe hazikubaliani na kauli hiyo. General Motors ilianzishwa Kenya mwaka 1975. Mwaka huo huo Hyundai ya Korea Kusini ilianza kutengeneza Pony, gari lake la kwanza la kujibunia, baada ya kuunganisha magari ya Ford tangu mwaka 1968. Malaysia ilianzisha kampuni ya Proton mwaka 1983 na gari la kwanza, Saga, likatoka mwaka 1985. Mwaka uliofuata, 1986, Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer lilizinduliwa mbele ya umma. Tulikuwa nyuma ya Malaysia kwa miaka michache tu.

Kilichofuata kinajulikana. Nyayo Pioneer halikupata fedha za kuundwa kwa wingi, likabaki kuwa hadithi ya kuchekesha watu barazani. Mimi sicheki. Wahandisi wale walifanya kazi waliyopewa. Waliokosekana ni wa kuiendeleza. Na Saga la Malaysia? Mnamo 2020 lilifika hapa hapa Mombasa likiwa vipande vipande, likaunganishwa katika kiwanda chetu cha Miritini. Gari la wenzetu tulioanza nao safari lilikuja kuunganishwa mlangoni mwetu, nasi tukaliita jipya.

Tofauti ilikuwa wapi? Kwa maoni yangu ilikuwa katika maneno mawili: kuunganisha na kuunda. Korea iliwalazimisha wenye viwanda waongeze sehemu zilizotengenezwa nchini mwaka hadi mwaka, kisha wauze nje ambako hakuna anayekuonea huruma. Sisi tuliwalinda wenye viwanda bila kuwadai. Vipande vililetwa katika makasha, vikafungwa kwa skrubu, na gari likaitwa la Kenya. Ulinzi ulipoondolewa katika miaka ya 1990, viwanda vilijikuta vikishindana na gari la mtumba bila silaha yoyote. Hata mwaka 2015, uliokuwa mwema kwa wauzaji wa magari mapya, mauzo ya mapya nchini hayakufika 20,000, na ya mitumba yaliyapita mara kadhaa. General Motors iliondoka, na mwaka 2017 kiwanda chake kikawa Isuzu East Africa. Kampuni ya Mobius, iliyotaka kuunda gari jepesi la barabara mbovu za Afrika, ilijitahidi zaidi ya mwongo mmoja. Agosti 2024 wenyehisa wakaamua kuifunga, kabla ya kupatikana mnunuzi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuzuia mitumba ili viwanda vipate soko. Tulikwisha kulijaribu hilo kwa miaka karibu ishirini, na tunajua lilizaa nini: gari ghali na kiwanda kivivu. Wapo pia watakaosema tuache soko liamue lenyewe. Na soko likiachiwa peke yake litaamua tuwe wanunuzi hadi kiyama.

Mimi naona njia ya tatu, nayo huanza mahali ambapo tayari tunafanya vizuri. Litazame basi la abiria linalopita Kongowea. Chesisi yake na injini yake ni za kigeni, lakini bodi, viti, madirisha na rangi yake vimeundwa na mafundi wa Kenya. Hii ni sekta ya magari iliyokua bila makelele. Tazama pia gereji za jua kali: bushi zinachongwa, rejeta zinazibwa, viti vinashonwa upya, springi za lori zinakunjwa kwa nyundo. Kiwanda cha gari la taifa si lazima kianze na gari zima. Kinaweza kuanza na betri, breki, chujio, kioo, springi na viti, vitu ambavyo kila gari la mtumba litavihitaji mara nyingi kabla halijafa. Mitumba iliyojaa barabarani si adui wa kiwanda cha aina hiyo, bali ndiyo wateja wake.

Na umeme umefungua ukurasa mpya. Gari la umeme halina mamia ya vyuma vinavyozunguka ndani ya injini. Ujuzi unaohitajika ni wa betri, mota na programu. Makerere walionyesha gari lao la Kiira EV mwaka 2011. Kwetu, mabasi na pikipiki za umeme vimeanza kuunganishwa nchini. Hapa kila mtu ni mwanafunzi mpya, hata Mjapani. Tukisubiri tena miaka thelathini, tutaletewa mitumba ya umeme yenye betri zilizochoka, nasi tutakuwa tukijiuliza pa kuzitupa.

Ningependa basi mambo matatu yafanywe. La kwanza, ushuru usimpe zawadi anayeleta gari kuukuu. Mzigo upunguzwe kwa gari la miaka mitatu na uongezwe kwa la miaka saba, ili mnunuzi asogee mbali na ukingo kwa hiari yake. La pili, kilomita na historia ya kila gari linaloshushwa ziandikwe bandarini na kuwekwa wazi kwenye sajili ya magari, mnunuzi wa pili na wa tatu wazione kabla ya kutoa fedha. Mwongo wa mita angekufa njaa ndani ya mwaka mmoja. La tatu, kila msamaha wa kodi anaopewa mwenye kiwanda uwe na sharti na tarehe: mwaka huu sehemu kadhaa ziundwe nchini, mwaka ujao ziongezeke, akishindwa, msamaha ukome.

Serikali hupenda kutazama gari kama ng'ombe wa kukamuliwa. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka kila mwenye gari alipe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi wa Juni, na mswada wenyewe ukaachwa baada ya vijana kujitokeza barabarani. Vijana hao waliufanya mswada kuwa somo: waliusoma kifungu kwa kifungu, wakapiga hesabu, wakauliza maswali. Natamani wafanye vivyo hivyo juu ya viwanda. Ni rahisi kuuliza, "Mbona mwatutoza?" Vigumu zaidi, na chenye faida zaidi, ni kuuliza, "Mbona hatuundi?"

Swali hilo lina mahali pa kuanzia karibu nasi. Ng'ambo ya pili ya daraja la Nyali, huko Tudor, kipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichozaliwa mwaka 1948 kama taasisi ya elimu ya Waislamu ya kufunza ufundi na kikapewa hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Upande huu, hapa Kongowea, wapo mafundi wenye miaka thelathini ya mikono myeusi kwa grisi na wasiokuwa na cheti hata kimoja. Kati yao lipo daraja ambalo mtu huvuka kwa matatu katika dakika chache, lakini elimu haijalivuka. Mwanafunzi wa uhandisi apelekwe akae na fundi huyu mwezi mzima. Fundi naye apokewe chuoni, apimwe alichonacho, apewe karatasi yake. Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Mwalimu mwenzangu unayesoma, kesho ukiingia darasani waandikie wanafunzi wako ubaoni ile hesabu ya milioni moja. Waulize kodi ni ngapi. Wakishapata jibu, waulize swali la pili: katika gari hilo zima, ni kipande gani kilichoundwa hapa? Waache wanyamaze kidogo. Mama wa Kongowea hanunui suruali mpaka ameigeuza ndani nje, nasi hatuna budi kuligeuza gari hivyo hivyo.